Mwanangu yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Nimhamishe shule?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na uchungu na aibu, naomba jina langu lisitoke. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Nakaanga maandazi na chapati. Alfajiri napelekea wenye vibanda karibu na stendi ya Msamvu, jioni nauza mwenyewe barazani. Mume wangu ni dereva wa lori. Akiondoka kwenda Tunduma na kuvuka mpaka, wiki tatu zinaweza kupita hajarudi. Kwa hiyo mambo ya shule ya watoto yote ni yangu.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, shule ya serikali. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa najua anasoma. Kila jioni anafungua kitabu cha Kiswahili anasoma kwa sauti, na mimi nakanda unga huku namsikia, moyo unatulia. Siku moja nikakaa karibu yake. Nikaona macho yake hayafuati mstari, yanaangalia picha. Nikaweka kiganja changu juu ya ile picha nikamwambia, haya, endelea. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno moja kwa kidole, "kisima". Akasema "maji". Nikafungua ukurasa mwingine ambao hawajaufikia, akaanza kulia hata kabla sijamuuliza kitu.

Usiku ule sikulala. Miaka yote hii mtoto anaamka, anavaa sare, anakwenda shule, halafu "kisima" hakijui.

Kesho yake nikafunga biashara mapema nikaenda shuleni. Darasa lao lina watoto 96, wanabanana wanne wanne kwenye dawati. Mwalimu wa darasa nilimkuta anasahihisha rundo la madaftari. Nikamweleza. Hakuinua hata kichwa, akasema, "Mama, huyu mtoto wako ni mzito. Msaidieni nyumbani, mimi siwezi kumsubiri mmoja." Nikashindwa kuvumilia. Nikamjibu, "Kama kazi ni yetu nyumbani, mshahara unapokea wa nini?" Mbele ya walimu wenzake. Tangu siku hiyo nikimwona njiani navuka barabara. Na kusema kweli, kabla ya hapo nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipomwandikisha. Tukiitwa kikao najua ni michango, nampa jirani hela anipelekee.

Nikaanza kumfundisha mwenyewe usiku. Niliishia la saba lakini kusoma najua. Nikamfundisha kama tulivyofundishwa sisi: a, be, che, de. Namwambia "be" na "a" inakuwa nini, anasema "bea". Hasira zinanipanda. Siku ya tatu nikampiga makofi mpaka mdogo wake akaja kunishika mkono. Sasa nikimwita jioni anasema tumbo linamuuma.

Kinachonichanganya ni kwamba huyuhuyu mtoto kwenye hela hadanganyiki. Mteja akichukua maandazi saba ya mia mbili mbili akatoa noti ya elfu tano, anarudishiwa elfu tatu na mia sita kabla mimi sijamaliza kupiga hesabu. Sasa huo uzito wa kichwa uko wapi?

Mume wangu anasema tumtoe, tumpeleke shule ya Inglish midiamu, ya bweni, nichukue mkopo wa milioni moja na nusu kwenye kikoba chetu. Jirani anasema tuisheni inatosha, mia tano kwa siku. Na mwakani ana upimaji wa darasa la nne. Naomba uniambie ukweli. Mtoto wangu ana tatizo la akili? Kosa ni la mwalimu au ni langu? Na mkopo nichukue?

Mama wa wawili, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mkopo usichukue. Nalitanguliza hilo kwa sababu vikoba hukaa kila wiki, na mkopo ukishasaini haurudi nyuma. Mengine yote unaweza kuyasoma taratibu sinia likishatoka mkononi.

Turudi kwenye kiganja chako. Ulipofunika ile picha ulifanya jambo ambalo darasa la watoto 96 linaweza kumaliza mwaka bila kufanyiwa: ulimsikiliza mtoto mmoja, peke yake, akisoma kitu asichoweza kukikariri. Upimaji ulioitwa Uwezo, ulioanza Tanzania, Kenya na Uganda kwenye mwaka 2009 na 2010, ulikuwa jambo hilohilo. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba, wakakaa na mtoto, wakampa karatasi yenye herufi, kisha maneno, kisha aya, mwisho hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za mwanzo za Tanzania zilipotoka, watoto wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ile ya Kiswahili walikuwa kama watatu tu katika kila kumi. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha. Ofisini kwetu walimu wengi walisema tumedhalilishwa. Mimi nilichukua kitabu, nikakaa mlangoni mwa darasa langu nikaita watoto mmoja mmoja. Siku ile nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Kwa hiyo kwanza ondoa neno akili. Mtoto anayetoa 1,400 kwenye 5,000 kichwani, mteja amesimama mbele yake, akili anayo. Hata kule kukariri ukurasa mzima kwa kuusikia, akaupanga na picha zake, akausoma kila jioni kwa sauti isiyotetereka ili mama yake atulie, kunataka akili. Alikuwa anakulinda, mwanangu. Alijua siku utakayogundua utaumia.

Inakuwaje mtoto afike darasa la tatu hivi? Nitakuambia kwa sababu nimesimama pale mbele. Mwalimu anaandika ubaoni ma me mi mo mu, anagonga ubao, darasa zima linaitikia. Inapendeza, mpaka mpita njia barabarani anasikia watoto wanasoma. Ndani ya sauti ile wapo wanaosoma kweli. Wapo wanaowafuata wenzao nusu silabi nyuma. Na wapo wanaofungua mdomo tu. Ukisimama mbele huwezi kuwatenganisha. Serikali yenyewe imeweka kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule za msingi, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto wameingia kwa wingi, jambo la heri, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile. Mwaka niliopewa darasa la watoto zaidi ya mia, nilijikuta nafundisha madawati matatu ya mbele. Wale ndio walionitazama, wale ndio walioinua mkono, na mimi nikaamini somo limeeleweka. Simtetei mwalimu wenu. Kumwita mtoto mzito mbele ya mama yake ni kosa, na hilo nitalirudia. Nakueleza tu ujue kijana wako alipotelea wapi.

Ndiyo maana vitu vingi tunavyovidai shuleni havimfikii mtoto kama wako. Michael Kremer, mmoja wa wachumi watatu waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alifanya utafiti na wenzake huko Busia, Kenya. Shule zikapewa vitabu vya kiada, kila mtu akategemea alama zipande. Zilipanda kwa waliokuwa tayari wanaongoza. Wengine hawakusogea, kwa sababu kitabu hakikuwa kimeandikwa kwa mtu asiyejua kukisoma. Baadaye yeye na wenzake wakajaribu jambo jingine kwenye shule 121 za magharibi mwa Kenya: darasa la kwanza likagawanywa mara mbili, na katika nusu ya shule hizo watoto wakapangwa kwa kiwango walichofikia. Waliokuwa chini wakapanda, na wa juu nao wakapanda, maana sasa kila mwalimu alijua anaanzia wapi. Kule India shirika la Pratham limefanya hivyo miaka mingi. Kwa saa moja au mbili kwa siku watoto wanaacha madarasa yao, anayejua herufi tu anakaa na wenzake wa herufi, hata kama mmoja ni wa darasa la tatu na mwingine la tano, na wanapanda kundi kadiri wanavyoweza.

Kijana wako anahitaji hivyo. Darasa la tatu ndipo masomo yanapofunguka, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, na kila somo limejaa maandishi. Asiyesoma anakosa Kiswahili na anakosa hayo yote pamoja nacho, kisha anaambiwa ni mzito katika masomo sita.

Sasa hiyo "bea". Mwanangu, mtoto alikujibu sawasawa. Ulimpa "be" na "a", akaviunganisha, akapata "bea". Sisi tulifundishwa majina ya herufi, tukayakariri, na wengi tukafika kwa kubahatisha. Mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulianzia kwenye sauti. Herufi ile haiitwi "be". Ni midomo inayofungwa na kufunguka, b, fupi, haina irabu nyuma yake. Ukiitamka hivyo halafu ukaweka a, "ba" inatoka yenyewe. Vivyo hivyo m, mdomo umefungwa sauti inatoka puani, kisha a, "ma". Jaribu sasa hivi wewe mwenyewe kwa sauti, utaona tofauti. Kwa hiyo shuleni anasikia kitu kimoja, usiku anasikia kingine, na kati ya hivyo viwili kuna kofi. Makofi yaishe leo. Mtoto anayeogopa hasomi, anakisia haraka ili jambo liishe, kama alivyokisia "maji".

Kabla ya kwenda shuleni, mpeleke akapimwe macho na masikio hospitali ya wilaya au ya mkoa. Usisubiri aseme haoni. Mtoto ambaye hajawahi kuona ubao vizuri hajui kwamba wengine wanauona. Na asubuhi asitoke na tumbo tupu. Wewe ni mpika maandazi, mawili yake yawekwe pembeni kabla ya hesabu ya biashara.

Halafu nenda kwa mwalimu. Najua hili ndilo linalokutisha kuliko mkopo. Usiende asubuhi kengele inapogongwa, wala usimvamie akisahihisha. Mtume mtoto na kikaratasi kwamba unaomba dakika kumi siku fulani baada ya vipindi. Ukifika, msamaha uwe wa kwanza, na uwe wa lile neno la mshahara tu: "Mwalimu, siku ile nilikukosea adabu mbele ya wenzako, naomba unisamehe." Kisha, kwa sauti hiyohiyo, mwambie kwamba neno "mzito" lilikuumiza na unaomba asimwambie mtoto. Ukilimeza hilo litatoka siku nyingine vibaya zaidi. Mimi niliwahi kuambiwa na mzazi neno langu moja lililomkaa binti yake moyoni, sikumbuki hata nililisema lini, na nilishukuru kwamba alikuja kuniambia.

Baada ya hapo mweleze unachokijua wewe na yeye hakijui. Kwamba anakariri kwa picha. Kwamba chenji hakosei. Kwamba ulimfunika picha akanyamaza. Hayo ni maarifa, mwanangu. Mwalimu mwenye watoto 96 hana mahali pengine pa kuyapata. Kisha muulize swali moja: "Mwanangu amekwama wapi?" Usikubali jibu la "hajui kusoma". Amekwama kwenye herufi? Anajua silabi za kawaida, ba, ka, la, lakini zikiungana herufi mbili tatu, mb, nd, ng', nyw, anapotea? Watoto wengi wa darasa la tatu wamekwama hapohapo, wanasoma "baba" na "kaka" vizuri, wakikutana na "mbwa" au "nywele" wanasimama. Kama mwalimu hajui, mwombe mjue pamoja pale pale. Mtoto aitwe, kitabu cha darasa la kwanza kifunguliwe, dakika tano zinatosha.

Ukishajua, omba mambo madogo. Asogezwe dawati la mbele. Mwalimu amsikilize peke yake hata mara mbili kwa wiki, mistari miwili tu. Amwandikie kwenye daftari silabi za wiki hiyo, ili wewe nyumbani ufanye hizohizo na si nyingine. Na muulize kama shule inaweza kutenga muda wa kuwakusanya wote waliokwama kama yeye, maana nakuhakikishia katika 96 hayuko peke yake. Walimu siku hizi wana MEWAKA, mafunzo yao endelevu kazini, wanakutana shuleni kwao kujadili ufundishaji. Jambo kama hili linastahili kuletwa pale. Na wewe usiende mikono mitupu. Maboksi ya mafuta na ya hamira unayatupa kila siku. Kata kadi za ukubwa wa kiganja, mpe mwalimu aandike silabi. Darasa zima litazitumia, na mwalimu atakuona kwa jicho jingine.

Kikao cha wazazi usimtume jirani tena. Mnao umoja wa wazazi na walimu, wengi wanauita UWAWA. Ukikaa pale michango ikiisha kujadiliwa, nyoosha mkono uulize ni watoto wangapi wa darasa la tatu hawajui kusoma. Hilo swali likiulizwa na mzazi lina uzito kuliko likiulizwa na mkaguzi.

Nyumbani sasa. Sikutaki uwe mwalimu. Nakutaka uwe msikilizaji, dakika kumi na tano kila jioni, na dakika hizo unazo: ukishakanda, unga umefunikwa unaumuka, mikono yako haina kazi. Kaa naye mkekani wakati huo. Dakika tano za kwanza silabi za wiki, zile za kwenye daftari, kwa sauti zake. Kisha maneno matatu manne yanayotokana nazo. Akikosea usimkatize kwa ukali. Funika neno lote kwa kidole, mfunulie silabi moja moja. Akipata "ki", mfunulie "si", kisha "ma". Nataka siku moja uandike tena lile neno "kisima" kwenye unga uliomwagika kwenye sinia, aliseme mwenyewe.

Maandishi ya kusomea unayo tele. Vaa kanga. Kama unayo ile iliyoandikwa NANI KAMA MAMA, hiyo ni zawadi: silabi zote nyepesi, na herufi kubwa kama kichwa cha mtoto. Angalizo dogo tu, kanga huandikwa kwa herufi kubwa na kitabu chake kina ndogo, kwa hiyo mwandikie jina la kanga kwa herufi ndogo kwenye karatasi aone kuwa ni neno lilelile. Daladala zikipita, Kihonda ina nd, Msamvu ina mv, mwachie hizo ziwe za wiki za mbele. Ukiwa na bando kidogo, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure kwenye simu, vya darasa la kwanza na la pili pia. Anzeni cha darasa la kwanza bila aibu. Mdogo wake akiwa karibu, kijana amfundishe. Anayefundisha hujua mara mbili.

Dakika za mwisho zifunge kwa hadithi au vitendawili. Mtoto anayetega na kuteguliwa kila jioni anaingia shuleni na mfuko wa maneno, na neno ambalo ameshalisikia ni rahisi kulisoma kuliko neno geni. Bibi zetu wasiojua hata herufi moja walifanya sehemu hii ya kazi, na waliifanya vizuri.

Baba yake naye ana kazi, hata akiwa Tunduma. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa Korona, kule Botswana walijaribu kuwafikia watoto kupitia simu za wazazi wao, familia zaidi ya 4,000. Wengine walipokea ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu. Wengine walipokea ujumbe na kupigiwa simu mara moja kwa wiki, dakika kama ishirini, mzazi akiwa pembeni. Ujumbe peke yake haukubadilisha mengi. Waliopigiwa simu walijifunza, na wazazi wao wakaanza kujua mtoto amefika wapi. Baadaye ilijaribiwa nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na ikafaa huko pia. Kilichofanya kazi ni sauti ya mtu anayemsubiri mtoto ajibu. Mume wako akiegesha lori usiku, apige. Asiulize "umesoma?" Aseme, "Nisomee mstari wa leo." Mtoto akijua Jumatano na Jumapili baba anasubiri mstari wake, atauandaa. Mweleze mumeo hivyo, na umwambie hizo ni dakika chache dhidi ya milioni moja na nusu.

Maana hilo la bweni, mwanangu, sioni hata pa kulishika. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kuzuia watoto wa awali mpaka darasa la nne kukaa bweni, ila kwa kibali maalumu, na sababu waliyoitoa ni kwamba mtoto wa umri huo anahitaji malezi ya wazazi wake. Yeye ana miaka tisa na msikilizaji wake ni wewe. Ukimpeleka bweni unamwondolea huyo mmoja. Na Inglish midiamu? Mtoto ambaye hajashika kusoma kwa lugha anayoiota usingizini atawekewa ubaoni lugha ambayo hata akiunganisha herufi hajui imesema nini. Atafanya alichofanya hapa: atakariri. Kiingereza atakisoma, tena vizuri, kusoma kwenyewe kukishaeleweka kwa Kiswahili. Ujuzi wa kuunganisha sauti na herufi ukishaingia haumtoki mtu.

Tuisheni sina ugomvi nayo, ila kachungulie kabla ya kutoa mia tano. Ukikuta watoto arobaini wananakili maswali ya mitihani iliyopita, rudi na hela yako. Ukikuta mtu anayemsikiliza kila mtoto akisoma, mpe.

Fanyeni hivi muhula mzima. Ukiona mwisho wake hajasogea hata hatua moja, macho na masikio ni mazima na mwalimu amejitahidi, nenda kwa mwalimu mkuu uombe mtoto apimwe kama ana mahitaji maalumu ya kujifunza. Wapo watoto werevu sana ambao kuunganisha herufi na sauti zake kunawawia vigumu mno. Hiyo huitwa disleksia, na inataka njia yake na subira yake. Mwalimu mkuu asipokusikiliza, Afisa Elimu Kata yupo.

Umeniuliza kosa ni la nani. Mwalimu alimwacha nyuma, wewe hukuwepo kuona ameachwa, na shule iliwaweka watoto 96 chumba kimoja. Mimi nikiwa mwalimu niliwaacha wengine nyuma, na baadhi yao leo ni wazazi wa umri wako, bado nawafikiria. Lakini wewe umeona akiwa na miaka tisa, bado mapema.

Leo usimwite asome. Mwombe radhi kwa yale makofi, kwa maneno, akiwa anakutazama. Mwambie unajua kwamba alikuwa anakariri na hukasiriki. Kesho mpeleke macho, na kikaratasi cha mwalimu kiwe kwenye begi lake. Ukishaonana na mwalimu niandikie tena, uniambie amekwama kwenye silabi gani, nikutumie maneno ya kuanzia.